Tulichokusudia na Kilichomfika Mgonjwa

Hotuba kwa wahitimu wa uuguzi, ukunga na utabibu, mkoani Tanga

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliosafiri kuja kuwashuhudia vijana wenu, na ninyi wanangu wahitimu: nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie mawasiliano baina ya mtoa huduma na mgonjwa. Mada hiyo ni pana, nami nimechagua kushika sehemu yake moja tu, yaani umbali uliopo baina ya kile tunachokusudia tunaposema na kile kinachomfika anayetusikia. Naamini kwamba sehemu kubwa ya malalamiko yanayoletwa dhidi yetu, na madhara mengine ambayo hayaletwi kabisa kwa kuwa hakuna aliyetambua kwamba yametokea, huzaliwa katika umbali huo.

Mtoa huduma anapolalamikiwa, jibu lake la kwanza huwa, "Sikuwa na maana hiyo." Mara nyingi anasema kweli. Sijamwona muuguzi aliyeamka alfajiri, akavaa sare yake, akapanda daladala kwenda kazini akiwa amedhamiria kumdhalilisha mama mjamzito. Lakini hebu litazameni jibu hilo linafanya kazi gani. Kwa aliyelitoa, shauri limekwisha: nia yake ilikuwa safi, basi hapana kosa. Kwa aliyeambiwa, halijagusa chochote. Anaondoka na uchungu ule ule aliokuja nao, na sasa anaonekana pia kuwa mtu mgumu wa kuelewa.

Sisemi haya ili kuidharau nia. Wengi wetu tumelelewa katika mafundisho yanayoipa uzito mkubwa. Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba amali huzingatiwa kwa nia, na makanisani nako huhubiriwa kwamba Mungu hutazama moyo. Sheria ya nchi hutofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na adhabu zake hazilingani. Ni haki iwe hivyo. Tunapotaka kujua mtu ni wa namna gani, anastahili adhabu gani, na kama anaweza kuaminiwa tena, lazima tuiulize nia yake. Hata hivyo, katika mashauri yale mawili mahakamani aliyekufa amekufa, na hakuna jaji anayesema kwamba kwa kuwa mshtakiwa hakukusudia, basi marehemu yu hai. Sisi tunaovaa sare hufanya kosa ambalo jaji halifanyi: tukishajiridhisha kwamba nia yetu ilikuwa njema, tunaacha kabisa kuuliza kilichompata mgonjwa.

Nianze na leba, kwa sababu ndipo jambo hili linapoonekana wazi kuliko mahali pengine pote, na kwa sababu mkoa huu una historia yake katika suala hili. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliendesha hapa Tanga mradi uliopewa jina la Staha. Waliwauliza wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya na hospitali kama walikuwa wametendewa visivyo wakati wa kujifungua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, takriban asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walifuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye wakaulizwa tena, na waliosema ndiyo wakafika asilimia 28. Yaliyotajwa zaidi yalikuwa kupuuzwa, kufokewa na kuambiwa maneno ya kudhalilisha.

Naomba tukae kidogo kwenye tofauti ya takwimu hizo mbili. Mama akiwa langoni, kichanga mikononi, mume au shemeji akingoja na bajaji, na muuguzi aliyemhudumia akiwa hatua chache tu kutoka alipo, atasema nini zaidi ya "Namshukuru Mungu, nimejifungua salama"? Amepona, mtoto analia vizuri, na anajua kwamba wiki ijayo atarudi hapo hapo kwa ajili ya chanjo. Kauli yake ya langoni ni ya kweli, ila ni kauli ya mtu ambaye bado yumo mikononi mwetu. Kule nyumbani, damu imekauka, usingizi umerudi kidogo, mama mkwe amemuuliza mambo yalikuwaje, ndipo maneno yaliyosemwa leba yanapokaa mahali pake na kupata uzito wake. Hospitali inayopima huduma yake kwa shukrani za langoni haitajua kamwe maneno yake yalifika wapi.

Sasa tazameni upande wa mkunga. Ni saa nane ya usiku, yuko peke yake na wanawake wanne wenye uchungu, mmoja njia imeshafunguka kabisa na kichwa cha mtoto kimeanza kuonekana. Mama amechoka, amebana miguu, hasukumi. Mkunga anajua kwamba kila dakika inayopita mtoto anakosa hewa. Anapaza sauti: "Sukuma! Unataka kumuua mtoto wako?" Nia yake ni kumwokoa mtoto huyo, na nathubutu kusema kwamba hakuna nia iliyo bora zaidi ya hiyo. Mtoto anazaliwa, analia, mkunga anapumua, anaandika taarifa na kuhamia kitanda cha pili. Kwake yeye ukelele ule uliisha pale pale, na ulifanikiwa.

Kwa mama haukuisha. Yeye alisikia mtu mwenye elimu, anayejua mambo ya uzazi kuliko yeye, akimwambia katika saa ya udhaifu wake mkubwa kwamba anaua. Mtoto huyo akichelewa kukaa au kusema, mama atakumbuka sentensi ile na kuamini kwamba ndiye aliyemsababishia. Mimba itakayofuata, atakaa nyumbani mpaka uchungu uwe umekolea, ili akifika kwetu muda wa kufokewa uwe mfupi. Au hatakuja kabisa, atamwita mkunga wa jadi anayemjua tangu utotoni. Akifika amechelewa na akatokwa na damu nyingi, tutaandika kwenye jalada lake kwamba alichelewa kufika kituoni. Hatutaandika sababu, kwa kuwa hatuijui.

Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba wanawake wanatuitikia. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015 na 2016, asilimia 63 ya uzazi ulikuwa umefanyika katika vituo vya huduma. Katika utafiti wa 2022 kiwango hicho kilikuwa kimefika asilimia 81. Ni kazi kubwa iliyofanywa na Serikali, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na walimu wenu hawa. Nasema hivi kwa uchungu: itakuwa dhuluma kuwaita kina mama kwa vipaza sauti na mabango waje hospitalini, kisha wakifika tuwape sababu ya kutorudi.

Na hali inaweza kubadilika, hilo si nadharia. Mradi ule ule wa Staha uliwakutanisha jamii na watumishi wa afya, wakakubaliana namna ya kutendeana, na hospitali ikayafanyia kazi makubaliano hayo. Ilipolinganishwa na hospitali nyingine ya mkoa huu ambako hilo halikufanyika, uwezekano wa mwanamke kutendewa visivyo ulikuwa umepungua kwa takriban theluthi mbili. Wakunga walikuwa wale wale wa hospitali ile, wenye nia njema ile ile waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni kwamba sasa kulikuwa na njia ya kuwafikishia habari za kilichowapata kina mama.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo halina kelele wala machozi, na kwa hiyo ni gumu zaidi kuliona. Kwenye dirisha la dawa mfamasia anaeleza haraka, foleni ikiwa ndefu: hizi moja kutwa mara tatu, hizi mbili kutwa mara mbili, hizi usiku baada ya kula. Kisha anauliza, "Umeelewa?" Mgonjwa anajibu, "Ndiyo, daktari." Mfamasia anamwita anayefuata, akiwa na hakika kwamba amewasiliana.

Katika malezi yetu, mtu mzima au mtu mwenye cheo akikuuliza kama umemwelewa, kujibu hapana ni kama kumwambia kwamba hajui kueleza, au kukiri mbele ya foleni nzima kwamba wewe ni mjinga. Ile "ndiyo" ni ya heshima, ni ndugu wa "marahaba". Hali kadhalika salamu zetu. Bibi anaingia chumba cha daktari akiwa hajalala siku tatu kwa maumivu, daktari anamsalimu, "Shikamoo bibi, hujambo?" naye anajibu, "Marahaba mwanangu, sijambo." Daktari kijana aliyelelewa humu humu anaweza kusahau malezi yake akishakaa nyuma ya meza, akaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko makubwa. Bibi alikusudia adabu, na kilichofika mezani kikawa taarifa ya kitabibu. Mnaona basi kwamba umbali ninaouzungumzia una pande mbili, ila wajibu wa kuupunguza ni wetu, kwa kuwa sisi ndio tunaojua kwamba chumba kile si sebule.

Chukueni maneno haya matatu tu: "baada ya kula". Tunayasema kulinda tumbo la mgonjwa, au kumsaidia akumbuke saa ya dawa. Sasa yapelekeni katika nyumba ambayo mlo ni mmoja, tena wa jioni. Mgonjwa mwaminifu, anayetii maelezo ya daktari kuliko sisi tunavyotii, anafanya hesabu yake: sijala, basi siruhusiwi kumeza. Wanaofanya kazi katika CTC, yaani kliniki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanalijua jambo hili vizuri. Yumo mtu anayeruka dozi za dawa za kufubaza virusi siku ambazo jiko halikuwaka, huku akiamini kwamba anafuata maelekezo. Virusi vikiongezeka anaulizwa kwa ukali kwa nini hamezi dawa, naye anashangaa, kwa maana yeye alifanya kama alivyoambiwa. Kumwita mgonjwa huyo mkaidi ni kumwonea.

Dawa ya tatizo hili haigharimu fedha. Badala ya kuuliza "Umeelewa?", mwambie mgonjwa: "Mama, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utampa vipi mtoto dawa hii? Hebu nionyeshe." Katika sentensi hiyo anayepimwa ni wewe uliyeeleza, na mgonjwa hana aibu ya kubeba. Atakaposema, utasikia kilichomfika, wala hutakisia tena. Utasikia kwamba kijiko alichonacho nyumbani ni kile cha supu. Utasikia kwamba "kutwa mara tatu" kwake ni asubuhi, mchana na alasiri, ndiyo maana homa humrudia mtoto usiku. Ninajua mtaniambia kwamba foleni hairuhusu. Nami nawaambia kwamba mtoto yule atarudi keshokutwa akiwa kwenye foleni ile ile, hali yake ikiwa mbaya zaidi.

Kunyamaza nako ni kusema, na sitakaa hapo sana. Daktari anayepita kitandani, akasoma jalada, akakunja uso, akaenda bila neno, amekusudia kutomtia mgonjwa hofu kabla ya kuwa na hakika. Mgonjwa ameusoma uso, na tangu saa hiyo anapanga mazishi yake. Semeni hata hili tu: "Bado tunachunguza, jioni nitakuja kukuambia tulipofikia." Na jioni hiyo mje.

Hadi sasa nimezungumza kana kwamba maneno hutoka juu kwenda chini tu. Ninyi mnaoanza kazi mtakutana zaidi na yale yanayotakiwa kupanda kutoka chini, na hapo ndipo adabu yetu, ambayo naipenda na ambayo sitaki muipoteze, inaweza kuua. Muuguzi mgeni, saa tisa ya usiku, anampigia simu daktari wa zamu: "Samahani sana daktari kwa usumbufu, yule mama wa kitanda cha nne hayuko vizuri sana, naomba ukipata nafasi upite." Anachokusudia ni: njoo sasa, mama anakufa. Daktari aliyetoka usingizini anasikia alichoambiwa, yaani kwamba akipata nafasi apite.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca ikitokea Kolombia ilianguka Cove Neck, karibu na jiji la New York, ikiwa na watu 158, na 73 kati yao wakafa. Haikuwa na hitilafu ya injini. Iliishiwa mafuta, baada ya kuzungushwa hewani kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano wa ndege. Rubani mkuu alimwagiza msaidizi wake awaambie waongozaji kwamba wako katika hali ya dharura. Msaidizi aliyeshika redio alisema kwamba mafuta yanawaishia, tena akalitaja hilo mwishoni mwa sentensi, kama jambo la nyongeza; neno la dharura hakulitumia. Mwongozaji mmoja alipomuuliza kama mpango aliopewa unawafaa kwa mafuta waliyonayo, alijibu kwa upole kwamba anadhani ni sawa, akashukuru. Ndani ya chumba cha marubani kila mtu alijua kwamba wanakaribia kufa. Kwenye redio walisikika kama ndege nyingine yoyote iliyochelewa kutua usiku ule.

Sina shaka kwamba kijana yule aliamini amekwisha kusema. Alimwambia hata rubani wake kwamba ameshawaarifu. Ndiyo sababu ninalitaja tukio hili mbele ya wauguzi: mtu anaweza kufa akiwa na hakika kwamba ameeleweka.

Basi simu ya saa tisa ya usiku iwe hivi: "Daktari, naomba uje sasa hivi. Mama aliyejifungua nusu saa iliyopita anatokwa na damu nyingi, presha ni 80 kwa 50, mapigo ya moyo 130, nimeshaanza dripu na nakanda mji wa mimba, damu haijakata." Humo hamna utovu wa adabu wowote. Na ukisikia ukimya, uliza: "Unakuja, daktari?" Nawaomba nanyi madaktari na wauguzi viongozi mlioketi hapa msimkemee kijana aliyewaamsha kwa jambo lililogeuka kuwa dogo. Mkimkemea mara moja, nia yenu itakuwa kumfundisha kutofautisha makubwa na madogo. Atakachojifunza ni kutowaamsha.

Wapo watakaouliza: je, tuwe watumwa wa kila anayelalamika? Mgonjwa akisema ametukanwa, je, basi ametukanwa? Hapana. Mtu huweza kusikia vibaya kwa sababu ya maumivu, hofu au chuki yake mwenyewe, na nimeona wauguzi waadilifu wakisingiziwa mbele ya ndugu wa marehemu waliokuwa wanatafuta pa kuitua hasira yao. Aliyesikia si hakimu, kama ambavyo aliyesema si hakimu. Lakini aliyesikia ndiye shahidi pekee wa kilichomfika, na hakuna shauri linaloendeshwa kwa haki bila kumsikiliza shahidi wake mkuu. Msikilize kwanza hadi mwisho. Utetezi wako utaungojea, hautaoza.

Najua pia mazingira mnayokwenda. Mtakuwa wachache, mtakosa glavu, mtafanya zamu mbili mfululizo, na kiongozi atakayekuja kukagua atawaambia "tabasamu" kana kwamba tabasamu linaweza kuzaliwa na uchovu. Kumtaka mkunga mmoja awe mpole kwa wanawake wanne kwa wakati mmoja bila kumwongezea mwenzake ni kumbebesha mtu mmoja deni la taasisi nzima, na wenye mamlaka walioko hapa naomba walisikie hilo kwa uzito wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza kwamba mwanamke aruhusiwe kuwa na mtu wake wa karibu anayemchagua wakati wa kujifungua. Leba zetu nyingi bado hazina hata pazia la kutenga kitanda na kitanda, basi ndugu wa mmoja hawezi kuingia bila kuwavunjia wengine faragha. Mama aliyeshikwa mkono na dada yake anahitaji kupaziwa sauti mara chache zaidi, kwa hiyo pazia lile ni sehemu ya mawasiliano tunayoyazungumza leo.

Mwisho, kuhusu kuomba radhi. Mtateleza, kwa maana mtasema maneno mengi sana katika siku zenu za kazi, mengine mkiwa na njaa na usingizi. Msitumie kauli ile ya "Kama nimekukwaza, samahani", ambayo inamtaka aliyeumia athibitishe kwanza kwamba ameumia. Wala msianze na nia yenu. Mkunga aliyepaza sauti usiku amrudie mama yule kabla ya kukabidhi zamu asubuhi, avute kiti, akae usawa wa macho yake, amwambie: "Mama, jana usiku nilikuambia unataka kumuua mtoto. Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Ulikuwa umechoka, nami niliogopa. Wewe ndiye uliyemleta mtoto huyu." Kisha anyamaze, amwache mama aseme lake, hata kama ni la hasira, na kabla ya kuondoka aandike kwenye kitabu cha makabidhiano kwamba mama huyo anahitaji kutazamwa kwa ukaribu, ili mwenzake anayeingia naye ajue.

Hongereni kwa kuhitimu. Asanteni kwa kunisikiliza.